Sini na Mimu

Njoo, Mbonea, simama hapa upande wa dirisha.
Kabla hujashika kitu, shika kwanza koti lako,
vifungo vyote, hata cha shingoni.
Ndiyo, najua, Tanga hii na joto lake.
Glavu. Miwani. Hereni ziache, hazina kosa.

Chupa ile ya kahawia, rafu ya chini.
Haikai juu: kilicho juu kina siku yake ya kudondoka.
Mna maji ya njano, njano ya kukisia,
rangi ya mkojo wa mtu mwenye afya
(uniwie radhi, ndiyo mifano ya kazi yetu).
Kwayo tunapima wekundu wa damu:
tone la kidole cha mjamzito aliyetoka Pongwe alfajiri
linazama, linageuka, mashine inasoma,
nasi tunamwambia, mama, ongeza mchicha,
au, mama, leo usirudi nyumbani.
Imeokoa wengi, sikatai.
Ila humo mna sianidi.
Kidogo, watakwambia.
Kidogo ni neno la muuza duka, si la mtu wa maabara.

Marehemu Shemndolwa, aliyenifundisha mimi,
alikuwa akiivuta kwa mdomo,
mrija wa kioo, kama mtoto na soda,
akijisifu hajawahi kupitisha alama.
Hakufa kwa hilo, nisije nikakudanganya. Alikufa kwa sukari.
Ila siku moja nilimkuta akitema kwenye sinki,
kisha akakaa kitako sakafuni, kijivu kama mfuko wa saruji,
na tangu hapo mdomo wake ukawa wa kusemea tu.

Sasa la asidi.
Hii na asidi hazikutani.
Si kwenye ndoo, si kwenye sinki, si kwenye bomba chini tusikoona.
Zikikutana huzaa hewa,
na hewa hiyo haibishi hodi.
Wanasema inanukia lozi chungu.
Wanasema. Mimi siinusi.
Tuko wengi tulionyimwa pua hiyo,
tunaijua kwa vitabu.

Ilikuwa Ramadhani, saa tisa, feni imekatika umeme.
Bi Mwanamvita yuko kwenye sinki,
na ile asidi yake ya kung'arishia vyoo,
nami nimeliacha beseni la taka za wiki nzima papo hapo,
halina kifuniko, halina neno
ila karatasi ya kiwandani,
Kiingereza chembamba na fuvu lililofutika meno.
Akanigeukia:
"Mwanangu, nani kaleta halua ya lozi, na watu tumefunga?"

Sikumjibu. Nilimvuta mkono, kanga ikabaki sakafuni,
tukatoka mbio mpaka kwenye baiskeli za wagonjwa.
Walimlaza, wakampa hewa ya mtungi,
futari yake ikapoa kitandani.
Alipona. Akanicheka, nilivyokimbia na kiatu kimoja.
Mimi sikucheka.

Nikamuuliza mbona hakusoma karatasi.
"Iko kwa herufi zako," akasema.

Niliona haya, Mbonea.
Miaka kumi na mmoja nimewaambia watu
yule mama hajui kusoma,
na yeye kila usiku anamaliza juzuu.

Nikampa plasta na kalamu ya wino usiofutika.
Akaandika kuanzia kulia, polepole,
ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo:
sini, mimu, na shada juu yake.
Ndiyo hiyo unayoiona. Usiibandue.
Ikichakaa kamtafute, Barabara ya Kumi na Tano,
siku hizi anauza bagia, muulize mtu yeyote.

Haya, funga kifuniko. Kaza.
Andika daftarini nani kafungua, saa ngapi, jina lako lote.
Nawa. Nawa tena, mpaka kwenye viwiko.

Na siku ukinusa lozi humu ndani
usiniulize mimi kama ni kweli.
Nishike mkono unitoe.