Malkia Dhidi ya Majura

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kazi yangu kuosha herufi
kwa mafuta ya taa na brashi kuukuu,
katika kiwanda cha chapa cha Jivraji, nyuma ya soko la Mwanza.
Mafuru ndiye aliyepanga. Vidole vyake vilijua
kila kijumba cha sanduku gizani:
a tele, k tele,
q tatu tu, za majina ya wageni,
na J kubwa tano, ambazo mwenye kiwanda
alizinunua kwa ajili ya jina lake.

Mwaka wa uhuru zikaja oda kutoka Bomani:
hati za kuitwa shaurini, leseni za baiskeli,
vitabu vya risiti za ushuru wa pamba.
Gavana lisitumike tena. Liandikwe Gavana Mkuu.
Jivraji akafurahi; neno likirefuka, bei nayo.
Lakini Ishengoma, mkalimani wa korti,
aliyekuja kusahihisha nakala na kutumalizia chai,
alicheka hadi miwani ikaingia ukungu.
"Wa jana alikuwa akiamuru.
Wa leo kaongezewa Mkuu,
na kalamu haishiki
mpaka mawaziri wetu wamwambie shika.
Kanenepa jina, kakonda neno."

Kisha ule mstari wa juu kabisa:
Malkia wa Tanganyika,
sisi kwanza, ndipo milki zake nyingine.
Mafuru akagoma kuufunga kwenye fremu.
"Hili wa," akasema, "mmelipima?
Mke wa Mafuru, basi ni wangu.
Mwalimu wa Nansio, je, Nansio wamemnunua?
Nani hapa ni wa nani?"
Ishengoma akaweka kikombe juu ya prufu mbichi
(duara lile lilibaki, likachapwa nalo moyoni mwangu).
"Juzi tulikuwa Tanganyika ya Malkia.
Leo yeye ni Malkia wa Tanganyika.
Ngeli imehama, Mafuru. Sisi tuko palepale."
"Mtu hahami na ngeli," Mafuru akajibu,
"mtu huhama na mzigo."

Mimi nikainama juu ya risasi,
ambayo husema kila jambo kinyumenyume:
Tanganyika ilitangulia,
Malkia akafuata nyuma,
na lile wa dogo katikati
lilisomeka aw,
kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Hati ya kwanza kutoka mashinani
ilimwendea Majura wa Kirumba,
aliyeshitakiwa kwa nyavu mbili na ngalawa ya kuazima.
Malkia dhidi ya Majura.
Kesi ikaahirishwa. Shahidi kaenda Ukerewe kuzika.
Ikaahirishwa. Hakimu ana homa.
Ikaahirishwa tena, sababu sikuijua,
hata mvua za Desemba zikarudi na kutukuta Jamhuri,
na Ishengoma akaleta karatasi ile ile
yenye msalaba wa wino mwekundu juu ya neno moja.

Majura alisimama kizimbani, kofia mkononi.
"Yule mama nilikuwa tayari kumwomba radhi," alisema.
"Huyu Jamhuri simfahamu.
Nyavu zake sijapata kuziona."
Ishengoma alikohoa, akatafsiri sentensi ya kwanza,
ya pili akaimeza.
Miezi mitatu. Nadhani hata Malkia
angempa mitatu.

Usiku ule tuliuvunja mstari wa zamani.
M ikarudi kwa M wenzake, haikuaga.
Lakini Jamhuri, katika fomu moja tu,
ilitajwa mara nne, na kando yake Jimbo,
na Bomani walitaka fomu elfu sita kufikia Jumatatu.
Mafuru alinyoosha mkono kijumbani, akakomba zote tano.
Jivraji alimtazama. Alivua miwani, akaipangusa,
akaivaa, asiseme kitu.

Ankara za mwezi ule ninayo moja bado,
imekunjwa mara nne, ina madoa ya mafuta ya taa:
deni la Bomani, shilingi mia mbili na kumi,
walipwe, inasema,
ivraji na Wanawe.