Saa Moja ya Nani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vifungo na zipu,
Bi Ndeonansia amelala kwenye robota la sweta.
Mashine yake ya kutarizi haisikilizani tena na kompyuta,
na Jumatatu watoto mia tatu wa Tabata
wanataka nembo kifuani.

Dereva wake haupatikani umeshapikwa.
Upo msimbo tu, mbichi, wa miaka kumi na mitano,
na mimi ndiye wa jikoni.

Skrini inamwaga makosa
kama gunia la choroko lililotoboka.
Mia mbili na kumi na saba.
Shomvi, ninayemfundisha kazi, anasoma la mwisho,
anashika kichwa.
Panda juu, namwambia. Panda mpaka la kwanza.
Hilo ndilo mama. Haya mengine ni wanawe,
wanalia kwa kuwa yeye analia.

La kwanza linasema: faili halipo.
Maktaba tunayo, lakini ya mlaji;
ya mpishi hatukusakinisha.
Bando limebaki megabaiti arobaini.
Kifurushi ni thelathini na nane.
Haya.

Makosa yanapukutika. Yanabaki manne,
halafu hakuna,
halafu kazi inaanza upya.
Inakagua kikusanyi, inakagua maktaba,
inafika mwisho, inarudi mwanzo,
kama mtu aliyetoka nyumbani
asikumbuke kama alifunga mlango.
Na humo katikati, onyo, kwa sauti ya chini:
faili hili limeandikwa wakati ujao.

Nasoma mara tatu.
LUKU imebaki yuniti mbili.

Shomvi, ile betri ya saa uliyobadili jioni,
uliweka saa ngapi?
Saa moja, bosi. Si ilikuwa saa moja?
Saa moja ya nani?

Anafungua mdomo, anaufunga.
Magharibi yetu ameiandika
saa moja ya usiku wa manane,
na msimbo tulioushusha alasiri
ukawa haujazaliwa.

Narekebisha saa. Nafuta vyote vilivyojengwa.
Naanza tena, safari hii sisemi kitu.

Sindano inadona kitambaa, tak-tak-tak,
mwenge, kitabu, herufi ya T.
Bi Ndeonansia anafumbua jicho moja:
Saa ngapi saa hizi?

Mimi na Shomvi tunatazamana.
Hakuna anayetaka kujibu wa kwanza.