Kabla Hujafungua

Mwalimu Mwinuka alisema jalada ni mlango.
Hakusema mlango wa nyumba gani,
basi jioni ile katika chumba cha kompyuta,
sweta mbili, kofia ya sufu,
vidole vimekufa ganzi juu ya kibodi,
nikajenga geti la tajiri.

Nikaweka roboti wa bluu mwenye macho ya tochi.
Nikaweka ubongo unaotoa radi.
Nikazungushia fremu ya maua, ile ya kadi za kipaimara.
Herufi nikazipa kivuli, kivuli nikakipa kivuli chake,
jina la shule nikalipinda kama upinde wa mvua,
kila neno na nguo yake ya Krismasi.
Chini kabisa, palipobaki nafasi,
kwa herufi za sisimizi, njano ili zing'ae:
kengele ya kumwamsha mkulima sakitu ikishuka.

Ezerina alisoma amesimama.
Ezerina si mtu wa kucheka haraka.
"Huyu roboti," akauliza, "analima viazi vya nani?"
Nikamwambia watu wanapenda rangi.
"Hata sumu ya panya ina rangi," akasema,
akavuta mikono ya sweta hadi vidoleni, akaondoka.

Asubuhi, stendi ya Njombe, kibanda cha Kastori:
rangi mia tano, nyeusi mia.
Njano ilikuwa imemwishia tangu Jumanne, hakutuambia.
Mashine ikakohoa mara mbili, ikatema karatasi.
Maua yametoka na rangi ya kidole kilichobanwa mlangoni.
Roboti yupo, mzima, anatazama.
Kengele haipo.
Palipokuwa na jina la kazi yetu
pana karatasi tupu.

Batromeo, aliyeunga waya zote kwa msumari wa moto
na kuungua mara tatu bila kumwambia mama yake,
aliigeuza karatasi, akatafuta nyuma.

Tukakaa juu ya magunia ya mtu, tukisubiri kufukuzwa.
Nikakumbuka usiku ilipolia mara ya kwanza:
saa kumi, mbwa wote wa Uwemba wakaijibu,
mama Ezerina na blanketi begani
akikimbia kufunika miche kwa nyasi,
akiitukana kengele, akiishukuru, kwa pumzi moja.
Shamba la jirani, jua lilipopanda,
majani yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.
Sisi tunasema yameungua.
Baridi huunguza; mgeni huambiwa mara mbili.

Ezerina akaomba penseli.
Akachora jani moja la kiazi,
nusu zima, nusu limejikunja.
Basi.
Kastori akalipiga picha kwa simu, akaliingiza,
na juu yake nikaandika KENGELE YA SAKITU,
herufi nyeusi, nene, kama za ubavuni mwa gunia,
za kusomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Yakabaki majina.
Langu lilikuwa la kwanza. Kibodi nilikuwa nayo mimi.
Hakuna aliyesema kitu.
Batromeo alikuwa akipuliza kidole chake, kwa mazoea.
Nikalikata, nikalibandika la tatu.

Halafu weupe. Weupe mwingi pande zote za jani.
Mkono uliniwasha: nyota moja tu,
mstari, bendera ndogo kwenye kona.
Ezerina akakifunika kioo kwa kiganja.
"Acha," akasema. "Hiyo ndiyo sakitu."

Nyeusi, shilingi mia.
Iliyobaki tukanywa uji wa ulezi, kikombe kimoja, watatu.

Mwalimu Mwinuka hakusifu.
Alilishika jalada mbali kidogo, kama mtu aliyesahau miwani,
akalitazama jani, akaitazama mikono yetu,
na kabla hajafungua
akauliza, "Huwa inalia saa ngapi?"