Nusu ya Kasi

Niliipakua saa tano usiku, kwa bando la mwisho,
ghorofa ya nne, Umoja.
Wanaiita maktaba.
Haina kitabu hata kimoja, wala yule mama wa mezani
wa kukutolea macho ukikohoa.
Hii imejengwa kwa ajili ya kukohoa.

Mistari sita ya msimbo. Fungua kifaa, chagua chaneli,
taja sampuli za kila sekunde:
elfu arobaini na nne, na mia moja.
Nikairudia. Mia moja ya nini?
Kama muuza nyama aliyekwisha pima kilo
akaona aongeze mfupa.

Jaribio la kwanza: kimya.
Si kimya cha usiku, Umoja haina hicho.
Pampu ya kisima cha jirani ilikuwa ikikoroma,
redio ya bawabu ilikuwa ikikemea pepo.
Kilikuwa kimya cha sifuri, sifuri, sifuri,
safu kwa safu, mayai kwenye trei.
Nilikuwa nimefungua sikio ambalo mashine haina.

Nikabadilisha kifaa.
Nikasema anachosema kila mtu akiwekewa maikrofoni:
moja, mbili, tatu, nne.
Namba zikamwagika kwenye kioo, hasi na chanya,
"tatu" peke yake ikala zaidi ya elfu kumi na tano.
Sikujua nabeba hesabu kiasi hicho mdomoni.

Kisha nikaicheza, na hapo nikakosea:
nilirekodi kwa kasi moja,
nikacheza kwa nusu yake.

Spika ikasema, mooja.
Mbiili.
Si mimi.
Mwanamume, kifua kizito, hana haraka,
anasoma kitu kilicho juu kidogo ya macho yake.

Baba alisoma mita za stima, Jericho hadi Buruburu,
miaka ishirini na mmoja,
penseli sikioni, daftari la jalada jeusi.
Hakuandika namba kabla ya kuitamka.
Isiyosemwa huteleza, alisema.
Mbwa wa mitaa ile walimjua kwa tarakimu.
Likizo nilimshikia tochi,
Wakesho wa miaka minane, viatu vya shule,
naye mbele ya visanduku vyenye buibui:
tatu, nne, nne, saba,
kwa sauti ya mtu anayebisha hodi.

Alipofariki tuliitafuta sauti hiyo.
Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, haikuhifadhi kitu.
Mjomba Mwandawiro alikuwa na video ya harusi.
Tukakaa sote, tukanyamaza, tukangoja.
Humo baba anaonekana dakika mbili nzima
akitafuna.

Nikaicheza tena. Na tena.
Mara ya saba jirani akagonga ukuta:
"Huyo mgeni wako anahesabu nini usiku huu?"
Sikuwa na jibu la kupenya matofali.

Nililijua kosa. Lilikuwa mstari wa tano,
namba moja tu ya kubadilisha,
na asubuhi Kavutha wa ofisini angetaka programu yake:
mteja aseme malalamiko, mashine iyarudishe jinsi yalivyosemwa.
Nikarekebisha.
Sauti ikapanda ngazi mbio, ikawa yangu,
nyembamba, yenye mafua,
inayomaliza "nne" kabla haijaanza.

Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimenakili folda nzima,
nikaipa jina la namba ya mita ya nyumbani kwetu,
ile aliyokuwa akiisoma Jumapili bila kutumwa na mtu.
Kosa nimeliacha humo, mstari wa tano,
na juu yake maelezo mafupi,
kama tunavyoachiana sisi waandika msimbo,
kwa yeyote atakayefungua baadaye
akajiona fundi:

hapa usirekebishe.