Nafasi ya Kidole Kidogo

Farasi jike alimrushia teke alipokuwa akimkamua,
na shavu la kushoto likabonyea
kama sufuria iliyoanguka.
Dulamjav, miaka sitini na mmoja,
kilomita mia na arobaini juu ya lori la sufu
mpaka hapa Murun, chumbani mwangu, mlango umevishwa risasi,
na mikono yake bado inanuka maziwa.

Kwetu kichwa cha mtu hakiguswi ovyo.
Hata kofia yake huiondoi ilipo bila ruhusa.
Nami kazi yangu, mwaka wa ishirini na mbili huu,
ni kushika vichwa vya watu.

Kwa hiyo huanza kwa kuomba.
“Mama, naomba kichwa chako.”
Akanitazama kwa jicho moja, lile lisilovimba:
“Utanirudishia?”

Kilemba kikatoka. Vibanio vitatu vya nywele.
Meno ya bandia ya juu akayafunga kwenye leso,
akageukia ukuta ili mumewe asimwone.
Hereni ndizo zilizogoma.
Fedha, za harusi, hazijavuliwa tangu mwaka
ambao wao wenyewe waliubishania.
Nikamweleza: chuma hutia kivuli, kivuli hufunika ufa,
na daktari kule Ulaanbaatar atasoma kivuli.
Sabuni, maji ya uvuguvugu, dakika kumi na moja.
Gombosuren akazipokea kiganjani
akafumba ngumi kama aliyekabidhiwa kifaranga.

Sasa, uso kwa ubao.
Kidevu kiguse. Pua isiguse.
Kati ya ncha ya pua na ubao ibaki nafasi
ya kidole changu kidogo. Rula ninayo, imelala mtotoni mwa meza;
kidole hiki kimepita mbele ya pua za wachungaji,
za waendesha pikipiki, za kijana mmoja wa mieleka
aliyelia kwa kushindwa, si kwa maumivu.
Kidevu kikishuka, mifupa ya masikio hupanda
ikakalia mashavu kama wageni wasioalikwa,
na ufa ukajificha nyuma yao.
Digrii thelathini na saba. Shingo haijui digrii.
“Tazama kama unayemtafuta farasi juu ya kilima,”
nikasema, na shingo ikajua.

Nikavuta kiti, nikamkanyaga mguu.
Nikanyoosha mkono. Akaushika bila kugeuka,
kama desturi itakavyo, tukayamaliza papo hapo,
kidevu hakikuondoka mahali pake.

Viganja viwili nyuma ya masikio, polepole,
kichwa kisilalie kulia wala kushoto.
“Sijashikwa hivi,” akauambia ubao,
“tangu mama aliponitafuta chawa.”
Usiseme. Usimeze. Zuia pumzi.
Nikakimbilia nyuma ya kioo.

Picha ya kwanza iliharibika: alikuwa anacheka.

Ya pili ikatulia.
Husemwa uso umeumbwa na haya;
labda, lakini haya hukomea kwenye ngozi.
Chumba cha hewa cha kulia: cheusi, kitupu.
Cha kushoto kina mstari ulionyooka, damu imetuama
kama chai kwenye bakuli la mtu aliyeitwa nje,
na chini ya jicho, ukingo wa mfupa
umeruka kidato kimoja.
Tena kwenye pua, ufa mwingine, wa kale,
ulioungana wenyewe bila kumuuliza mtu.

“Na huu?”
Akausogelea mwanga, akauangalia uso wake
kama anayekagua mtumba.
“Huo ni farasi mwingine,” akasema kwa ufizi.
“Bibi yake huyu.”

Gombosuren alikuwa amesimama mlangoni,
ngumi wazi, hereni tayari,
miduara miwili myekundu imejichora kiganjani.
Bado moja, nikamwambia.
Ya ubavu. Shavu kwenye ubao, macho mbele.

Akafumba tena.