Saa Moja

Umeomba picha, Mwamvita. Picha hakuna.
Simu zote zilikuwa zinamulika mita ya umeme,
nitakufikisha huko, tulia.

Kosa langu ni maneno mawili.
Niliwaandikia ndugu wote: Idi pili, chakula kwangu, saa moja.
Nikadhani dunia nzima inajua
kwamba mwaliko wa pilau ni wa usiku.
Mjomba Kondo katoka Chanika na giza,
saa moja asubuhi anabisha hodi Tabata,
kanzu imenyooka, tasbihi mkononi,
na mimi mlangoni, kanga moja, mswaki mdomoni.
"Nimewahi?"
Umewahi, Mjomba. Karibu ndani.

Akakaa saa kumi na mbili kwenye kochi lile lile.
Kaimati za wageni alianza kuzionja saa mbili.
Saa nne nikawa nakaanga nyingine.
Saa saba akanishauri nipunguze iliki.

Jogoo sasa. Shemeji yako Kibwana
kamnunua Buguruni, mwekundu, mzito,
akamfunga mguu kwenye bomba la uani,
akaenda kuazima kisu kikali.
Nuhu alibaki naye dakika tano.
Zilitosha kumpa jina.
Haya niambie, nani anamchinja Afande
mbele ya mtoto anayelia mpaka anatapika kaimati?
Baadaye tuliikuta kamba tu,
fundo limefunguliwa vizuri, kwa vidole, si kwa mdomo.

Tukapika nyama ya ng'ombe.

Chumvi mimi nilitia, naapa, na nilipima.
Mama mkwe, Bi Sikujua, akapita na upawa,
akaonja kabla haijachemka, akaguna, akatia.
Mjomba Kondo, kwa kuchoka kukaa, akaona asaidie.
Nilipoonja tena
nilikuwa nimemeza Kigamboni na pantoni yake.
Nikazamisha viazi sita vinyonye.
Vilinyonya. Pilau ikabaki vile vile,
na viazi navyo vikawa haviliki.

Watu kumi na tisa sebuleni,
viti vya plastiki vya kuazima kwa Mama Chausiku.
Kimoja kikatanua miguu chini ya Shangazi Zawena,
taratibu, kwa adabu,
kama ngamia anayepiga magoti.
Tulikuwa bado tunamwinua
Mjomba alipoanza dua:
"Ewe Mola, utuangazie—"

Giza. Luku imekwisha.

Kibwana akanunua umeme kwa simu, tarakimu ishirini.
Asome nani? Mjomba, ndiye mwenye sauti.
Miwani kaiacha Chanika.
"Nane!" Hiyo ni tatu, Mjomba.
"Tatu!" Sasa hiyo ndiyo nane.
Mita ikakataa mara mbili,
ukoo mzima unaitikia namba kama uko madrasa,
na mimi nasikia kitu gizani: kodo, kodo, kodo.
Nikajua ni Mjomba na kaimati zake.
Lakini Mjomba si anasoma?

Umeme ukarudi.
Afande kasimama katikati ya sinia kubwa,
mchele umemfika magotini,
anadonoa, ametulia kabisa.
Yeye peke yake usiku ule
hakuuliza habari za chumvi.

Nikamtazama mama mkwe.
Miaka minne niko kwake, Mwamvita,
sijawahi kuyaona magego yake.
Niliyaona yote.
"Mwacheni ale," akasema, anajifuta machozi kwa ushungi,
"huyo kaalikwa tangu Buguruni."

Tulikula chipsi mayai za kibanda cha kona,
nguo za Idi, pilipili inadondokea kanzu.
Yule kijana alidhani namtania:
mayai arobaini, saa nne usiku?

Viti vya Mama Chausiku sijarudisha, napitia njia ya nyuma.
Afande yu hai. Alikunywa maji usiku kucha.

Mwakani ni zamu yako huko Tanga.
Ukiwaandikia, usisahau neno usiku,
ingawa sidhani kama litakusaidia:
Mjomba Kondo keshaanza kuulizia
basi la kwanza linaondoka saa ngapi.