Chumvi Nyingine

Usiku wa nne Mtanda yote ilikuwa giza,
umeme umekatika tangu magharibi.
Kichwani mwangu tu taa zilikuwa zinawaka,
hata za vyumba ambavyo sikujua ninavyo.

Nililala nusu saa, nikaamka nimeshiba usingizi.
Nikaenda ghalani kwa Nachundu kuhesabu viroba,
mia tatu na kumi, kisha nikavirudia
kwa Kiarabu, kisha kwa rangi,
nikaona wazi, kama unavyoona kiganja chako,
namna ya kuwauzia chumvi samaki wenyewe.

Usicheke. Ilikuwa hesabu safi.
Kila wazo lilikuja na wenzake saba,
wote wamevaa nguo za Idi.
Saa tisa usiku nikampigia dada Somoe:
nimenunua lori.
Kwa hela gani?
Nilicheka hadi mbwa wa jirani wakaitikia.
Hela gani! Swali dogo namna ile.

Siku ya tisa maneno yalitangulia mdomo,
nikawa nayakimbiza kama kuku waliokata kamba.

Daktari Likapa alichora nyuma ya kadi yangu
kitu kama korosho iliyobanguliwa, mapande mawili.
"Huku ndani kunatamani.
Huku mbele, juu ya macho, yupo anayesema ngoja.
Sasa huyu wa ngoja sauti haifiki,
na wa ndani wanagawana pilau
kabla posa haijapelekwa."
Nikamwuliza: na hizo uniti zinazoungua usiku kucha,
nani anazilipa?
"Wewe," akasema. "Mwezi ujao."

Nililipa. Masika nzima uso ukutani,
Somoe ananivua viatu.
Lori lilirudi kwa mwenyewe.
Kiwanja cha Ng'apa hakikurudi.

Siku hizi nameza lithiamu. Nayo ni chumvi, kumbe,
ndugu wa hii ninayoikwangua jarubani kwa reki.
Wananipima damu: isizidi, isipungue.
Kikombe cha chai kinanitetemeka kidogo.
Nalala masaa manane, naamka mjinga kama watu wote.

Lakini niseme kweli, kwa kuwa hunijui:
umeme ukikatika Mtanda
huwa siwashi mshumaa upesi.
Nakaa kitandani, nasikiliza
kama kuna chumba kimesahauliwa kuzimwa.